Dar es Salaam kwa siku moja, peke yako: kutoka Feri alfajiri hadi mihogo ya Coco

Kwa miaka sita nilikuja Dar es Salaam mara tatu au nne kila mwaka, na Dar niliyoijua ilikuwa Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Aggrey, gesti moja ya Gerezani na dirisha la basi. Nafunga mzigo wa vitenge, nausindikiza hadi unapakiwa, narudi Tabora. Bahari niliisikia harufu tu. Safari moja mzigo ukakwama, nikaambiwa nisubiri hadi kesho yake. Asubuhi nikatoka gesti sina shughuli, nikawafuata kina mama waliobeba ndoo tupu, nikatokea Feri, kwenye soko la samaki, jua linachomoza. Tangu siku ile, kila nikija Dar natenga siku moja ya kutembea peke yangu. Haya ninayoyaandika yametoka kwenye siku hizo.

Nakuandikia wewe unayekuja Dar kwa jambo lako. Umemleta mgonjwa Muhimbili na leo ni zamu ya ndugu mwingine kukaa naye, umefuata pasi ya kusafiria, una usaili keshokutwa, au unasubiri boti ya Zanzibar. Una siku moja, huna mwenyeji wa kukuzungusha, na unaona ni heri ulale tu gesti. Usilale.

Jambo moja litangulie kwa sababu ndilo linaloharibu siku za wengi: usitake kuiona Dar yote. Mji huu umenyooka kandokando ya bahari kilomita nyingi, na barabara zake zina foleni inayomeza saa nzima bila kukupa kitu. Anayepanga Mbudya, Makumbusho ya Kijiji, Mlimani City na fukwe za Kigamboni ndani ya siku moja ataona zaidi migongo ya magari. Ninachokupa ni mwendo wa miguu wa kilomita tano hivi, kuanzia bandarini hadi Kariakoo, kisha safari moja tu ya gari kwenda ufukweni. Katika kilomita hizo tano mji umepangwa kwa safu, vile Wajerumani na baadaye Waingereza walivyoukata: kwanza uzunguni, kisha uhindini, kisha uswahilini. Ukipita kwa gari huoni mpaka. Ukipita kwa miguu unauhisi, kwenye vivuli vya miti, upana wa njia, na sauti.

Kabla ya siku yenyewe

Kama una hiari ya siku, chagua Jumamosi. Feri na Kariakoo zinakuwa zimechangamka, huku magari katikati ya mji yakiwa yamepungua. Jumapili mji wa kati hulala na maduka mengi hufungwa, ingawa ni siku nzuri ya kuingia makanisani. Ijumaa si mbaya, ila jua kwamba mchana wakati wa sala maduka mengi ya uhindini yatafunga kwa muda. Mvua za masika, Machi hadi Mei, ziogope kweli. Bonde la Jangwani likijaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa na mji hukatika vipande viwili. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri zaidi, upepo wa kusi unavuma na jua haliumizi.

Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako, vinavyofunika vidole, maana Feri chini ni maji ya samaki. Beba begi dogo la kuvaliwa kifuani. Wanawake wenzangu, tieni khanga moja ndani: ni ya kujifunika kichwa ukiingia mahali pa ibada, ya kukalia ufukweni, ya kujitanda upepo ukizidi jioni. Kitambulisho chako cha taifa usikiache, kwa sababu makumbusho humtoza mwananchi kiingilio kidogo kuliko mgeni, na watakutaka uthibitishe.

Fedha zigawe mahali pawili. Sarafu na noti za elfu moja moja mfukoni wa mbele, zilizobaki ndani kabisa. Chenji ndiyo amani yako. Ukitoa noti ya elfu kumi kwa muuza maji umemwonyesha kila aliye karibu mahali unapoweka pesa. Mara ya mwisho nilipozunguka hivi sikumaliza elfu arobaini, chakula na nauli na viingilio vyote ndani yake, bila zawadi.

Simu ijae chaji, na kama unayo betri ya akiba, ibebe. Usitembee umeishika mkononi kando ya barabara. Wakwapuzi wa pikipiki wapo, na wanapenda mtu aliyesimama ukingoni anatazama ramani. Ukitaka kutazama njia, ingia dukani au simama umeegemea ukuta.

Kisha mtumie mtu mmoja ujumbe, dada, mume, rafiki, umwandikie ratiba: saa fulani Feri, saa fulani makumbusho, saa moja na nusu usiku nimerudi. Mimi humwandikia mdogo wangu. Sipigi simu siku nzima, lakini najua yupo anayejua nilipo.

Saa kumi na mbili asubuhi: Feri

Dar inatazama mashariki. Hapa jua halizami baharini, linachomoza baharini, na kwa hiyo uzuri wa mji huu uko asubuhi. Wanaoamka saa tatu wameshaukosa.

Fika Soko la Samaki la Feri kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Daladala na mabasi ya mwendokasi yaendayo Kivukoni yanakushusha jirani. Kama umelala mbali na bado ni giza, chukua bajaji au gari la kuita kwa simu, usitembee. Mashua zinakuwa zimerudi na mnada umeanza. Dalali anasimama juu ya fungu la samaki, anataja bei kwa kasi, na wachuuzi wanamjibu kwa kidole au kwa jicho. Utasimama pembeni dakika kumi kabla hujaelewa nani kanunua. Utawaona changu, tasi, kolekole, nguru, jodari aliyebebwa na watu wawili, pweza wanaopigwa chini walainike. Sheria ya pale ni moja: usizibe njia. Mtu aliyebeba tenga kichwani haoni chini na hawezi kusimama ghafla. Ukisikia sauti ya kuomba njia nyuma yako, sogea kwanza, geuka baadaye.

Kupiga picha, omba. Sema shikamoo kwa mzee, habari za kazi kwa kijana, eleza umetoka mkoa gani. Mara nyingi nimekubaliwa, na nimeishia kuelezwa mengi kuhusu maji ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, na pepo za baharini, kuliko nilivyotarajia. Lakini angalia sana kamera inaelekea wapi. Ikulu iko jirani kabisa na Feri, na kuipiga picha ni marufuku. Bandari na vyombo vya ulinzi navyo hivyo hivyo. Ukiwa peke yako huna wa kukutetea ukisimamishwa na askari, basi usijipeleke.

Usinunue samaki, utazunguka naye siku nzima. Nenda kwa wakaangaji, chukua kipande cha moto na ndizi au muhogo, ule umesimama. Au supu ya pweza, kama tumbo lako linaizoea mapema hivyo.

Saa moja: vuka maji, urudi

Hatua hii watu wengi huiweka jioni, na wanajuta. Jioni maelfu ya wafanyakazi wanarudi makwao Kigamboni, na pantoni, chombo kinachovusha watu kwenda huko, inakuwa bega kwa bega. Asubuhi mkondo wa watu unakuja mjini, kwa hiyo wewe unayekwenda kinyume chao unapata chombo chenye nafasi. Nauli ya mtu wa miguu ni shilingi 200, na siku hizi hulipwa kwa kadi. Kama huna, uliza dirishani kabla ya kuingia kwenye foleni.

Safari yenyewe dakika kumi hazifiki. Simama upande unaotazama mji. Jua liko nyuma yako, bado chini, na linapiga moja kwa moja usoni mwa Dar: minara ya makanisa mbele, jengo refu la Mamlaka ya Bandari nyuma, mapaa ya vigae vyekundu katikati ya ghorofa za vioo. Saa mbili baadaye mwanga huo umeisha. Mlango wa bandari hapa ni mwembamba sana, na ukibahatika meli ya mizigo itakuwa inaingia. Pantoni huipisha, nayo inapita karibu mno, chuma kirefu kama mtaa mzima.

Ng'ambo usiende mbali. Kaa kwa mama lishe karibu na kivuko, agiza chai na chapati, subiri. Anayekula peke yake Dar hashangawi na mtu, na benchi ni la wote. Karibu saa mbili na nusu msukumo wa watu unakuwa umepungua, unarudi kwa raha. Wakati wa kupanda na kushuka shika begi kwa mikono miwili.

Kivukoni hadi Boma la Kale

Ukishuka, fuata barabara ya ufukweni, maji yakiwa kushoto kwako. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, tembea polepole.

Kabla ya miaka ya 1860 hapa palikuwa na kijiji cha Mzizima. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar akaanza kujenga mji mpya kando ya bandari hii tulivu, akauita makao ya amani. Alifariki 1870 kazi haijaisha, na mji ukadorora hadi Wajerumani walipouchukua na kuufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, badala ya Bagamoyo. Yote hayo yamejipanga kando ya njia unayopita.

Kwanza utaliona kanisa la Kilutheri la Azania Front, kuta nyeupe na paa jekundu, kazi ya Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Mbele kidogo ni kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Ingia kama hakuna ibada, kaa benchi la nyuma. Ni baridi mle ndani, na vioo vya rangi vilivyo juu ya altare vinastahili dakika zako. Mtu peke yake ana faida hiyo: hakuna anayekuvuta mkono.

Upande wa maji wa eneo hili ndiko ziliko boti za Zanzibar. Vijana watakuzunguka wakitaka kukuuzia tiketi au kukubebea begi. Usisimame, usieleze, sema "asante kaka, sisafiri" huku ukitembea. Anayesimama kueleza ndiye anayenaswa.

Kisha Atiman House. Jengo si kubwa, na wapita njia wengi hawaligeukii. Ni miongoni mwa nyumba za tangu zama za Sultani Majid, baadaye likawa la Wamisionari wa Afrika. Jina lake ni la Adrian Atiman, mtoto aliyeporwa utumwani Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa udaktari Malta, akaletwa Karema kando ya Ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Sisi wa magharibi ya nchi, Karema ni kwetu. Nilipolijua jina lile linatoka wapi nilisimama pale barabarani muda mrefu, maana nilikuwa nimepita mbele yake kwa basi sijui mara ngapi.

Hatua chache mbele, kwenye kona ya Barabara ya Morogoro na Sokoine, ni Boma la Kale, la 1866 na 1867, nyumba ya kufikia wageni wa Sultani. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi cha kuzuia joto la mchana. Mlango wa mbao zilizochongwa uangalie kwa karibu. Ndani kuna kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam chenye ramani na picha za zamani. Kukiwa wazi, anza na ramani. Zinaonyesha wazi namna maeneo yalivyogawiwa kwa rangi za watu, na baada ya hapo utautembea mji ukijua unachokitafuta.

Samora na sanamu ya Askari

Panda Barabara ya Morogoro hadi Samora, geuka kulia. Soma majina ya mitaa unapokwenda: Samora, Azikiwe, Sokoine, Bibi Titi, Shaaban Robert. Dar ilikuwa kambi ya ukombozi wa Afrika. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa hapa mwaka 1962, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapa.

Kwenye makutano ya Samora na Azikiwe yupo Askari wa shaba, bunduki yenye singe ameielekeza bandarini. Alisimamishwa mwaka 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya gavana wa Kijerumani, Wissmann, ambayo Waingereza waliiondoa walipouteka mji mwaka 1916. Vuka barabara kwa uangalifu, nenda usome maandishi ya Kiswahili. Yanawakumbuka askari, na yanawakumbuka wapagazi, waliokuwa mikono na miguu ya jeshi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wengi kwa njaa na maradhi. Yashike maneno hayo kichwani. Alasiri utafika mahali walipopiga kambi.

Saa nne na nusu: bustani na makumbusho

Jua sasa limekuwa kali, na ndiyo sababu tunakwenda kwenye kivuli. Endelea na Samora hadi Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa 1893 na Mjerumani Stuhlmann kwa ajili ya kujaribia mazao. Imepunguzwa mara nyingi kupisha majengo, lakini miti mikubwa ingalipo na mabenchi yapo. Pumzika nusu saa, kunywa maji. Angalia mitaa ya hapa ilivyo mipana na kimya, nyumba zimejitenga, miti pande zote. Hii ilikuwa uzunguni. Jirani ni Ukumbi wa Karimjee, Bunge lilipokuwa likikaa, na Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa rais.

Makumbusho ya Taifa iko hapo hapo, Mtaa wa Shaaban Robert. Ilifunguliwa mwaka 1940. Usijaribu kusoma kila kibao. Utachoka saa moja kabla ya muda wako. Mimi naanza na chumba cha asili ya binadamu, chenye habari za Zinjanthropus, fuvu aliloligundua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, la takribani miaka milioni 1.75. Kisha vyumba vya biashara ya pwani na Kilwa. Kisha magari ya zamani ya viongozi, ambayo watoto wa shule huyapenda kuliko chochote, na ukikutana na kundi lao mwalimu wao anakuwa mwongozaji wako wa bure. Nje kuna ukumbusho wa waliouawa katika shambulio la bomu la ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Hapa Dar walikufa watu 11. Usiupite bila kusimama.

Tumia choo cha hapa kabla ya kuondoka. Hilo ni jambo la kweli kabisa la msafiri wa peke yake, maana hakuna wa kukushikia begi, na vyoo vya kulipia vya sokoni havina pa kulitundika.

Saa saba: chakula uhindini

Rudi kwa Mtaa wa Ohio na Maktaba hadi Jamhuri, Indira Gandhi na Kisutu. Utaona mabadiliko kabla hujaambiwa: miti imeisha, ghorofa zimesogeleana, maduka chini, nyumba juu, nguo zimeanikwa kwenye roshani. Hapa inua macho. Juu ya vibao vya maduka, kwenye vipaji vya majengo ya zamani, bado kuna majina ya waliojenga na miaka yao, yamefinyangwa kwa saruji. Mengi yanabomolewa kupisha ghorofa mpya, hivyo kila nikija huanza kwa kuhesabu yaliyobaki.

Mtaa wa Kisutu una mahekalu ya Wahindu kwa safu. Chakula kipo kila kona: mix ya kachori na bagia yenye ukwaju, mishikaki, chapati za kusukuma, na biriani. Chagua mgahawa uliojaa watu wa ofisini, kwa sababu hao wanakula hapo kila siku na hawarudi palipowaumiza. Kaa ukitazama mlango, begi likiwa mapajani, siyo mgongoni mwa kiti. Maji ya miwa yaliyokamuliwa na tangawizi na ndimu ndiyo ya kumalizia.

Ukiwa umechoka, kaa hapo hapo hadi saa nane. Hakuna tuzo ya kutembea juani.

Mnazi Mmoja, Lumumba, Kariakoo

Kutoka Kisutu vuka Barabara ya Bibi Titi uingie Mnazi Mmoja. Ni kiwanja kirefu kilicho wazi, na watu huchukulia ni bustani tu. Waingereza walikiacha wazi makusudi, ukanda wa kuwatenga Waafrika na miji ya Wazungu na Wahindi. Sasa wanafunzi wanajisomea hapo, wazee wanacheza bao, vijana wamelala kivulini. Upo mnara wa Mwenge wa Uhuru. Vuka kiwanja chote kwa miguu, usikatishe, uone upana wa ile nafasi waliyoitaka kati ya watu na watu.

Upande wa pili ni Mtaa wa Lumumba, ilikozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954, ndiyo Saba Saba yetu. Baada ya hapo umeingia Kariakoo. Jina limetoka kwenye kikosi cha wapagazi cha Waingereza, waliopiga kambi hapa baada ya 1916. "Carrier Corps" ikawa Kariakoo midomoni mwa watu. Ndio wale wa kwenye sanamu. Kule mjini wana shaba na maandishi. Huku wana kata nzima yenye watu, mikokoteni, maguta, marobota na kelele za kuitwa wateja, na kwangu mimi huku ndiko wanakokumbukwa zaidi.

Jengo la soko lenyewe lilisanifiwa na Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970. Paa lake ni la zege lenye umbo la miavuli iliyogeuzwa, ili likinge maji ya mvua na kuyashusha kwenye matangi ya chini. Liliungua Julai 2021. Litazame kutoka ng'ambo ya barabara, ukilisogelea hutaliona vizuri.

Namna ya kuwa Kariakoo peke yako, hapa nazungumza kwa uzoefu wa kazi yangu. Begi kifuani, mkono juu yake. Tembea upande mmoja wa mtaa, usivuke-vuke. Akikuita muuzaji kwa kukushika mkono, toa mkono kwa upole na uendelee. Mtu akikugonga kwa nguvu au akamwaga kitu miguuni pako, shika begi kwanza, angalia baadaye. Ukipotea usiulize aliyesimama bila kazi. Ingia duka la vitenge, muulize mama au kijana aliye nyuma ya kaunta. Wale hawaondoki dukani, kwa hiyo hawana sababu ya kukupeleka popote. Wala usipande gari la mtu anayedai anaelekea njia yako, hata kama ndani kuna mama mwenye mtoto.

Kununua, nunua kidogo. Doti ya khanga haina uzito, na bei ya duka la kwanza siyo bei, pita matatu. Kama umekuja kufunga mzigo, tafadhali usichanganye na siku hii. Kahawa ya kijiweni na kashata, dakika kumi na tano, ndiyo pumziko langu hapo.

Saa tisa na nusu: ondoka kabla ya foleni

Usipitishe saa hii. Kuanzia saa kumi na moja njia za kwenda kaskazini mwa mji zinaganda. Chukua bajaji, mpatane bei kabla hujakaa, au gari la kuita kwa simu, uende Oysterbay, kwenye kijiji cha wachoraji wa Tingatinga. Omba dereva apite Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, upepo wa bahari ukupige baada ya joto la Kariakoo.

Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao za dari, akiuza kwa wapita njia wa Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, amepigwa risasi na polisi kimakosa, miaka michache tu tangu aanze. Ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza, na ushirika wao bado upo. Wachoraji wanafanya kazi mbele yako. Kaa chini, tazama mmoja akijaza madoa ya chui moja moja. Picha ndogo inaingia begini. Muulize aliyeichora jina, uliandike nyuma.

Kutoka hapo hadi Coco Beach si mbali, bajaji fupi tu. Fika saa kumi na moja. Jua linazama nyuma ya mji, kwa hiyo usitarajie bahari nyekundu. Kinachokuja ni ubaridi, na maji yanayogeuka kutoka kijani kuwa kijivu. Tandika khanga. Agiza mihogo ya kukaanga na kachumbari, pilipili iwekwe pembeni, na dafu. Usiogelee: chini kuna miamba, na nguo na simu hazina mlinzi. Kulowesha miguu kunatosha.

Ondoka mwanga ukiwepo, kabla ya saa moja kasoro, kwa gari uliloliita mwenyewe, namba yake ukiisoma kabla ya kufungua mlango. Mabasi ya mikoani siku hizi yanaanzia Mbezi, kituo cha Magufuli, mbali na katikati ya mji. Kama safari yako ni alfajiri, lala upande wa Kimara au Mbezi usiku huo, begi kubwa ulipeleke huko tangu jana.

Ukishafunga mlango wa chumba, mpigie yule uliyemwachia ratiba. Mwambie umefika.